Serikali za Mitaa na Haki kwa Watu wa Rangi Zote

Mada iliyotolewa kwa viongozi walei katika semina ya Haki na Amani



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya ubaguzi wa rangi, na hasa juu ya namna serikali za mitaa zinavyoweza kushirikiana ili kuuondoa. Twajua kwamba baadhi yenu mtajiuliza, "Jambo hili latuhusu nini sisi?" Kwa wengi wetu ubaguzi wa rangi ni habari ya wakoloni, au ya Afrika Kusini ya miaka iliyopita, na serikali ya mtaa ni ile ofisi tunakolipia ushuru wa soko. Twawaomba mtuvumilie. Tutawapeleka kwanza hadi Marekani, kwa sababu huko miji na kaunti zimelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi na kwa uwazi; mahali fulani zimefaulu, na mahali pengine zimeshindwa vibaya. Kisha tutarudi nyumbani. Njia yetu ni ile mliyoizoea: tutazame, tupime, tutende.

Lakini kabla ya kumtazama jirani, yafaa tujitazame wenyewe.

Katika parokia moja tuliyoitumikia zamani, kulikuwa na mfuko mdogo wa kuwasaidia watoto wa maskini kulipa karo. Tangazo lilisomwa Jumapili katika Misa ya kwanza, parokiani. Fomu zilitolewa ofisini Jumatatu, nazo zilitakiwa zirudishwe kabla ya Ijumaa. Tuliona kwamba utaratibu huo ni wa haki kabisa: tangazo lilikuwa moja, fomu zilikuwa za aina moja, na aliyewahi alipata. Miaka mitatu ikapita. Siku moja mama mjane wa kigango cha mbali, wa kabila lililo dogo katika eneo lile, alituuliza kwa upole: "Padre, mfuko ule ni wa watoto wa huku tu?" Tulikasirika kidogo, kisha tukafungua daftari. Kwa miaka yote mitatu hakusaidiwa hata mtoto mmoja wa kigango kile. Kwao Misa ilisomwa mara moja kwa mwezi; tangazo lilipowafikia, siku za kurudisha fomu zilikuwa zimekwisha. Hatukuwa tumemchukia mtu. Hatukuwa tumesema neno baya juu ya kabila lolote. Hata hivyo watoto wale walikaa nyumbani bila shule, na sisi tulilala usingizi.

Tumeanza na habari hii kwa sababu ndiyo ufunguo wa yote yatakayofuata. Ubaguzi haukai moyoni tu. Waweza kukaa katika tangazo, katika fomu, katika ramani, katika ratiba ya gari la maji. Na ukishakaa humo, hauhitaji tena mtu mwenye chuki ili uendelee kufanya kazi yake.

I. TUTAZAME

Ramani zenye rangi

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865. Wengi hufikiri kwamba ubaguzi uliofuata ulikuwa wa majimbo ya Kusini peke yake, wakati wa mabasi na shule za kutengana. Kumbe hata katika miji ya Kaskazini na ya Magharibi, watu weusi walipangiwa mahali pa kukaa kwa hati na taratibu za ofisi. Hati nyingi za viwanja zilikuwa na sharti kwamba nyumba isiuzwe wala kupangishwa kwa mtu asiye Mzungu. Mwaka 1948 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ilitamka kwamba mahakama zisiyatekeleze masharti hayo. Lakini kulikuwa na njia nyingine. Shirika la serikali kuu la mikopo ya nyumba, lililoundwa mwaka 1933, lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kuzipaka rangi nne. Mitaa ya kijani ilihesabiwa kuwa salama kwa mkopo, na mitaa myekundu kuwa ya hatari. Nayo mitaa walimokaa watu weusi karibu yote ilipakwa nyekundu. Idara nyingine, iliyoanzishwa mwaka 1934 ili kudhamini mikopo ya nyumba, ilikataa kudhamini katika mitaa ya watu weusi.

Tazameni jinsi jambo moja linavyozaa jingine. Asiyepata mkopo hakujenga. Asiyejenga hakuwa na mali ya kuwarithisha watoto wake. Na kwa kuwa shule nyingi za nchi ile hutegemea kodi ya nyumba na viwanja vya mahali zilipo, mtaa maskini ulipata shule maskini. Mjukuu anayesoma leo katika shule hiyo hajaiona ramani ile, wala mwalimu wake hajaiona; lakini bado inamfunga.

Katika mji wa Saint Paul, jimbo la Minnesota, kulikuwa na mtaa uitwao Rondo, ambao ulikuwa moyo wa maisha ya watu weusi wa mji huo: nyumba zao, maduka yao, makanisa yao. Katika miaka ya 1950 na 1960 barabara kuu ilipitishwa katikati ya mtaa huo, na mamia ya familia wakavunjiwa nyumba zao. Barabara ni kitu chema. Lakini wapangaji walipotafuta mahali ambapo upinzani ungekuwa mdogo na ardhi ingekuwa rahisi, kalamu iliangukia kwa wanyonge. Meya wa Saint Paul aliomba msamaha hadharani mwaka 2015.

Taa za Seattle

Sasa twendeni Seattle, mji mkubwa wa jimbo la Washington, katika kaunti iitwayo King. Kaunti hiyo ilipoundwa mwaka 1852 ilipewa jina la William Rufus King, mwanasiasa aliyekuwa mmiliki wa watumwa. Mwaka 1986 baraza la kaunti liliamua kwamba jina libaki lile lile, lakini tangu sasa liwe ni heshima kwa Martin Luther King, mtetezi wa haki. Na mwaka 2005 jimbo likalithibitisha uamuzi huo. Ni jambo zuri. Hata hivyo, kubadilisha maana ya jina ni kazi ya siku moja, bali kubadilisha maisha ya watu ni kazi ya miaka mingi. Wenyeji wa Seattle walilijua hilo. Mwezi wa Machi 1964 wapiga kura waliulizwa kama waikubali sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Waliokataa walikuwa zaidi ya mara mbili ya waliokubali. Sheria hiyo ilipita tarehe 19 Aprili 1968, ikisimamiwa barazani na Sam Smith, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika baraza la mji huo. Zilikuwa zimepita siku 15 tu tangu Martin Luther King auawe.

Mwaka 2004, chini ya Meya Greg Nickels, serikali ya mji wa Seattle ilianza mpango wa kujichunguza yenyewe. Tunasema yenyewe, kwa maana haikuanza kwa kuwahubiria wananchi wapendane. Ilianza kwa kuziuliza idara zake, za umeme, maji, barabara, polisi, ajira na zabuni: "Kazi yetu ya kila siku yamnufaisha nani, na yamlemea nani?"

Mfano mmoja utatosha. Idara ya umeme ilikuwa na desturi ya kubadilisha taa za barabarani zilizozimika pale wananchi walipopiga simu kulalamika. Nani angeweza kuona ubaya wowote hapo? Anayelalamika anahudumiwa, awe mweusi au mweupe. Lakini walipochunguza, walitambua kwamba watu wa mitaa yenye nafasi hupiga simu upesi. Wanajua namba ya kupiga, wanajua lugha ya ofisi, na wamezoea kusikilizwa. Mhamiaji asiyejua Kiingereza hapigi simu. Mama anayefanya kazi mbili hapigi simu. Mzee aliyepuuzwa na ofisi za serikali maisha yake yote hapigi simu. Basi mitaa yenye mwanga ilizidi kupata mwanga, na mitaa yenye giza ilibaki gizani, bila mtu yeyote kukusudia. Idara ikaiacha desturi hiyo, ikaanza kubadilisha taa kwa utaratibu uliopangwa, mtaa hata mtaa, pawe na malalamiko pasiwe na malalamiko.

Kutokana na kazi za namna hii walitengeneza orodha ya maswali ambayo kila idara huyatumia kabla ya kuamua jambo kubwa au kugawa fedha. Twataka kutimiza nini? Nani ataguswa na uamuzi huu, nasi tumemwuliza? Takwimu zatuonyesha nini juu ya hali ya watu wa kila rangi? Nani atanufaika na nani ataumia? Twawezaje kuupunguza uchungu huo? Na baadaye, tutajuaje kama tumefaulu, nasi tutawarudishia habari wale tuliowauliza? Maswali haya hayana elimu ya juu ndani yake. Mama wa jumuiya anaweza kuyauliza. Nguvu yake ni kwamba yanaulizwa kabla, wala si baada ya nyumba kuvunjwa.

Kutoka mji mmoja hadi muungano

Kaunti ya King nayo ilianza mpango wake mwaka 2008. Miji mingine ikaja kujifunza, na mwaka 2014 ukaanzishwa muungano wa serikali za mitaa kuhusu rangi na usawa, unaojulikana kwa kifupi kama GARE. Baadhi ya waanzilishi wake walikuwa watumishi waliotoka katika kazi ile ya Seattle. Tangu hapo mamia ya miji, kaunti na taasisi za umma za Marekani zimejiunga. Watumishi wao husoma pamoja kwa muda wa miezi mingi, hubadilishana maswali na vipimo, na kila serikali hutakiwa kuandika mpango wake wa utekelezaji.

Kwa nini mji usifanye kazi hii peke yake? Twaona sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba maisha ya mtu hayafuati mipaka ya mji. Mtu hulala katika mji mmoja, hufanya kazi katika mji wa pili, na hutibiwa katika hospitali ya kaunti. Mji mmoja ukitenda haki na jirani yake akiifunga milango, maskini wote watasukumwa upande mmoja, na matajiri watahamia ng'ambo ya mpaka pamoja na kodi zao. Jimbo la Minnesota lililiona hilo mapema. Sheria yake ya mwaka 1971 yaziagiza serikali za mitaa katika kaunti saba zinazozunguka miji ya Minneapolis na Saint Paul kuweka katika kapu moja asilimia 40 ya ongezeko la thamani ya majengo ya biashara na viwanda yanayotozwa kodi, kisha kugawana, na mji wenye uwezo mdogo hupata zaidi. Sheria hiyo haitaji rangi ya mtu, lakini yatufundisha kwamba majirani wanaweza kula chungu kimoja.

Sababu ya pili ni kujifunza. Makosa ya mji mmoja yawe shule kwa mji mwingine, ili kila mmoja asiyarudie tangu mwanzo.

Sababu ya tatu ni ujasiri. Diwani mmoja akiuliza maswali haya peke yake, huambiwa analeta fitina. Wakiuliza miji mia, linakuwa jambo la kawaida la kazi.

Wala fikira hii si ya Marekani peke yake. Mwaka 2004 UNESCO iliwaita wakuu wa miji duniani waungane kupinga ubaguzi, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo miji ya Ulaya iliunda muungano wake huko Nuremberg, mji ule ule ambamo mwaka 1935 zilitangazwa sheria za kuwabagua Wayahudi. Mwaka 2006 muungano wa miji ya Afrika ulizinduliwa Nairobi, katika mkutano wa miji ya bara letu. Na mwaka 2013 miji ya Marekani ilizindua muungano kama huo mjini Birmingham, Alabama, miaka 50 tangu bomu lililotegwa kanisani mjini humo lilipowaua wasichana wanne weusi. Hapo kale miji hii ilikuwa jina la aibu. Yaonekana kwamba mahali palipojeruhiwa panaweza kuwa mahali pa kuanzia uponyaji.

Walipoanguka

Ndugu zetu, hatukuja kuwapamba watu. Mji wa Minneapolis ulikuwa umekwisha kujiunga na kazi ya muungano ule. Ulikuwa na mipango na watumishi waliofundishwa. Mwezi wa Desemba 2018 ulipitisha mpango uliofuta sheria ya zamani iliyotenga maeneo makubwa kwa nyumba za familia moja moja tu, sheria ambayo kwa miaka mingi iliwazuia wenye kipato kidogo kukaa humo. Ulisifiwa nchi nzima. Kisha, tarehe 25 Mei 2020, katika mji huo huo, polisi alimwekea George Floyd, mtu mweusi aliyeshukiwa kutumia noti bandia ya dola 20, goti shingoni kwa zaidi ya dakika tisa, hata akafa. Mwaka 2022 idara ya haki za binadamu ya jimbo hilo ilitoa taarifa kwamba polisi wa Minneapolis walikuwa na mwenendo wa kudumu wa ubaguzi wa rangi.

Tulisome fundisho hilo kwa unyenyekevu. Mtu anaweza kusafisha sebule na kuacha chumba kimoja kimefungwa kwa kufuli. Ofisi ya mipango ilijiuliza maswali. Ofisi iliyobeba silaha haikuulizwa vya kutosha. Basi kujiunga na muungano si kutubu, wala semina si uongofu. Nasi tulioketi hapa katika semina yafaa tulisikie hilo mara mbili.

Walipopingwa

Tena kuna upinzani. Wako Wamarekani wengi wasemao kwamba kuhesabu watu kwa rangi, hata kwa nia njema, ni ubaguzi mpya, na kwamba serikali isiione rangi kabisa. Mwezi wa Januari 2025 Rais Donald Trump alitoa amri za kukomesha programu za namna hii katika serikali kuu, na baadaye idara za serikali kuu zikaweka masharti juu ya programu hizo, na juu ya mambo ya uhamiaji, kwa miji na kaunti zinazopokea fedha zake. Mwezi wa Mei 2025 Kaunti ya King pamoja na serikali nyingine za mitaa, zikiwamo San Francisco, Boston na New York, zilikwenda mahakamani pamoja. Mahakama ilizuia kwa muda masharti hayo yasitumike dhidi yao, na serikali nyingine nyingi zikajiunga na kesi. Hapo ushirikiano haukuwa tena wa kujifunza tu, bali ulikuwa wa kusimama.

Hoja ya wapinzani tusiidharau, kwa maana ina swali la kweli ndani yake. Lakini tuirudie taa ya barabarani. Seattle isingeuangalia mtaa wa nani una giza, isingejua kwamba desturi yake ilikuwa na kasoro. Na ilipoirekebisha, haikuizima taa ya mtu yeyote. Mzungu maskini aliyekaa katika mtaa uliosahauliwa naye alipata mwanga. Hicho ndicho kipimo chetu: haki ya kweli humtazama aliyeachwa, kisha mlango ukifunguka hufunguka kwa wote.

II. TUPIME

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, twasoma habari ambayo mara nyingi twaipita haraka. Kanisa la kwanza lilikuwa likigawa chakula kila siku kwa wajane. Waumini wenye lugha ya Kigiriki wakalalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa, huku wajane wa Waebrania wakipata. Maandiko hayasemi kwamba Mitume waliwachukia. Yasema tu kwamba wajane hao walisahauliwa.

Mitume walifanya nini? Hawakuwaambia wavumilie. Hawakusema, "Sisi sote tu ndugu, acheni ukabila." Hawakuwashutumu kwamba wanaligawa Kanisa. Waliita mkutano wa wote, wakabadilisha utaratibu wa kugawa, wakaweka watu saba kuusimamia. Na wale saba, Stefano, Filipo na wenzao, wote wana majina ya Kigiriki. Kazi ya kugawa ilikabidhiwa kwa watu waliowajua waliosahauliwa. Hapo twaona kwamba Roho Mtakatifu alilikuza Kanisa kwa njia ya daftari lililorekebishwa pia, wala si kwa mahubiri peke yake.

Maaskofu Wakatoliki wa Marekani, katika barua yao ya kichungaji ya mwaka 1979, waliuita ubaguzi wa rangi kwa jina lake, kwamba ni dhambi, na mwaka 2018 walitoa barua nyingine juu ya dhambi hiyo hiyo. Mafundisho ya kijamii ya Kanisa yatupa tena kanuni mbili. Ya kwanza ni kanuni ya auni, aliyoifafanua Papa Pius XI mwaka 1931: lile linaloweza kufanywa na ngazi ya chini lisinyang'anywe na ngazi ya juu. Kwa hiyo serikali ya mtaa si mtumishi mdogo anayesubiri amri. Ndiyo iliyo karibu na bomba la maji na zahanati, nayo ina wajibu wake mbele ya Mungu. Ya pili ni mshikamano: hakuna ngazi ya chini inayojitosheleza, kwa hiyo walio karibu washikane mikono. Auni bila mshikamano huzaa vijiji vyenye wivu. Mshikamano bila auni huzaa wakubwa wanaoamua mambo kwa niaba ya watu wasiowajua.

Tena tutofautishe kugawa sawa na kutenda haki. Ukiwapa watoto watatu shuka za urefu mmoja, yule mrefu atalala miguu nje. Umegawa sawa, lakini mmoja ataona baridi usiku kucha. Haki huuliza kila mmoja amefunikwa kiasi gani.

III. TUTENDE

Sasa turudi nyumbani. Nairobi ya wakati wa ukoloni nayo ilikuwa na ramani yake. Wazungu walitengewa sehemu za juu upande wa magharibi, Wahindi sehemu zao, na Waafrika upande wa mashariki kwenye nyumba finyu. Mkoloni aliondoka, lakini mtu anayezunguka jiji lile leo bado anaweza kuuona mstari wake katika miti, katika barabara na katika mabomba. Na sisi wenyewe, baada ya rangi, tuliweka kabila mahali pake.

Sheria zetu zimelitambua jambo hilo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 yakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi wa kabila moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia zipewe watu wasio wa kabila kubwa katika kaunti hiyo. Lakini Tume ya Uwiano na Utangamano ilipozikagua kaunti, iliona kwamba nyingi hazikulitimiza sharti hilo. Kaunti zetu zimejua kuungana kwa ajili ya biashara na maendeleo. Ndugu zetu wa Pwani, kwa mfano, wana Jumuiya ya Kaunti za Pwani, inayounganisha kaunti sita. Twauliza: mbona zisiungane pia kwa ajili ya jambo hili? Kila kaunti ina kabila lililo dogo ndani yake, na watu wa kabila hilo ndio wengi katika kaunti jirani. Ukimtendea haki jirani aliye kwako, unampa mwenzako sababu ya kumtendea haki ndugu yako aliye kwake. Mkiacha kutendeana haki, wote wawili mtakuwa na mateka ng'ambo ya mpaka.

Hatuwaombi muwe madiwani, ingawa mwenye wito huo asiuogope. Twawaomba mambo matatu.

Kwanza, tuanze na daftari zetu. Kabla hatujaiuliza kaunti imemwajiri nani, tuulizane: katika halmashauri ya parokia, katika kwaya, katika mfuko wa karo, katika kugawa chakula cha msaada, ni nani aliyesahauliwa? Sisi tulimjibu yule mjane kwa kupeleka fomu kigangoni wiki mbili kabla ya kuzifungua parokiani. Haikugharimu fedha. Iligharimu aibu tu.

Pili, twendeni kwenye mikutano ya hadhara ya bajeti na mipango ya kaunti, maana Katiba yatupa haki ya kushiriki. Tusiende kulalamika juu ya barabara yetu tu. Tupeleke yale maswali: nani atanufaika, nani ataumia, nani hajaulizwa? Na tumsemee asiyekuwapo, hasa yule asiye wa kabila letu. Neno la mtu anayemtetea jirani lina uzito kuliko la mtu anayejitetea.

Tatu, kamati za Haki na Amani za parokia zilizopakana, hata zikiwa katika kaunti mbili, zikutane angalau mara mbili kwa mwaka. Kama miji ya Marekani, iliyotengana kwa maelfu ya kilomita, imeweza kusomeana makosa yake, sisi tunaotenganishwa na mto mmoja tutashindwaje?

Ndugu wapendwa, taa inayolalamikiwa itabadilishwa daima, kwa maana mwenye sauti hakosi msikilizaji. Kazi ya Haki na Amani ni kuitafuta taa isiyolalamikiwa. Yule mjane alituuliza mara moja tu, kwa upole, na kama tungalimjibu vibaya asingaliuliza tena. Bwana atujalie masikio ya kuwasikia wanaouliza mara moja tu. Tumsifu Yesu Kristo.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, katika parokia au kijiji chetu kuna utaratibu unaoonekana kuwa wa haki, lakini kila mara huwaacha nje watu wale wale? Tuutaje.

2. Mitume walipopata malalamiko ya wajane walibadilisha utaratibu. Sisi hufanya nini tunapopata malalamiko kutoka kwa watu wasio wa kabila letu?

3. Minneapolis ulikuwa na mipango mizuri, lakini chumba kimoja kilibaki kimefungwa. Katika uongozi wetu, ni chumba gani ambacho hatupendi kiulizwe maswali?

4. Ni parokia gani jirani tunayoweza kukutana nayo mwaka huu, na ni jambo gani la kwanza tungependa kulitazama pamoja?